Je, “soothe” ni kutuliza, kupoza au kuponya?

Mfasiri wa Wete

Assalaam alaykum ndugu zangu.

Naomba msaada wenu katika neno moja la Kiingereza ambalo limenishughulisha kwa siku tatu, nalo ni kitenzi “soothe”. Shangazi yangu na wenzake, hapa Wete, wana kikundi cha kutengeneza sabuni na mafuta ya kuchua kwa karafuu, mchaichai na nazi. Mwanzoni wateja wao walikuwa wageni wa hotelini, na kwa hivyo karatasi ya chupa iliandikwa kwa Kiingereza peke yake, na mgeni mmoja aliyewaandikia kwa hisani. Sasa wanataka kuuza katika maduka ya Chake Chake na, Mungu akijaalia, Darajani kule Unguja, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuyaandika maneno hayo kwa Kiswahili.

Maneno yenyewe ni mafupi: “Soothes tired muscles, dry skin and insect bites.”

Mara ya kwanza niliandika “Hutibu misuli iliyochoka, ngozi kavu na sehemu iliyoumwa na wadudu.” Shangazi aliisoma, akaiweka karatasi chini, akaniambia, “Mwanangu, mimi sitibu mtu. Mimi natengeneza mafuta ya kuchua.” Nikafuta. Mara ya pili niliandika “Hupoza”, na nikaridhika kwamba nimepatia, kwa sababu neno hilo lina ubaridi ndani yake, nao ndio nilioudhani kuwa maana ya Kiingereza. Lakini bibi yangu, ambaye ni mzaliwa wa Konde, aliposomewa aliuliza, “Kwa hivyo ukipaka unapoa kabisa?” Kwake yeye kupoa ni kupona, na nilitambua kwamba nimerudi pale pale nilipokatazwa. Mara ya tatu niliandika “Hutuliza”, na sasa dada yangu anasema kwamba anayetulizwa ni mtoto anayelia au mtu mwenye hasira, na kwamba hajapata kusikia ngozi ikitulizwa.

Naomba mnieleze neno hili lina maana gani hasa, lina tofauti gani na “calm”, na je, ni neno lile lile linalotumika kwa mtoto, kwa ngozi na kwa mtu aliyekasirika? Nimeliona pia katika kitabu cha hadithi cha skuli, mama “soothed” mtoto wake, na hapo sikupata shida yoyote kuelewa. Shida imenipata kwenye chupa.

Mwanafunzi wa lugha, Tunguu

Wa alaykum salaam. Kamusi nilizonazo zinaanza na “tuliza”, kisha “poza” na “bembeleza”, na kwa maoni yangu “tuliza” linatosha kwa kazi yako. Ninaongeza jambo moja tu la matamshi, kwa kuwa wengi hukosea: sauti ya mwisho ya “soothe” ni dh, ile ya fedha na dhahabu, na wala si th ya thamani. Herufi e iliyoko mwisho haitamkwi. Ukilimalizia kwa th utakuwa umetaja neno jengine la kale, ambalo maana yake ni ukweli.

Maalim mstaafu, Chake Chake

Wa alaykum salaam, mwanangu. Swali lako lina faida zaidi kuliko ulivyolidhania, na nusu ya jibu ameshalitoa shangazi yako aliposema kwamba yeye hatibu mtu.

“Soothe” haina tiba ndani yake. Kitenzi hiki kinahusu kile ambacho mtu anakihisi, yaani maumivu, mwasho, uchovu, hofu, huzuni au hasira, na kinasema kwamba hisia hiyo imepungua makali, na kwamba imepungua kwa njia ya upole: kwa mkono unaopapasa, kwa sauti laini, kwa mafuta, kwa maji ya uvuguvugu. Kuhusu chanzo cha hisia hiyo hakisemi lolote. Mbu aliyekuuma ameshakuuma, na mate aliyoyaacha ndani ya ngozi, ambayo ndiyo yanayoleta mwasho, bado yamo. Kilichopungua ni kule kuwashwa kwako. Kwa hivyo mtu akiandika “hutibu” au “huponya” mahali pa “soothes”, atakuwa ameahidi jambo ambalo mwandishi wa Kiingereza hakuliahidi.

“Calm” ni neno jengine kabisa, ingawa kamusi huyaweka maneno haya mawili ubavu kwa ubavu. “Calm” hutazama hali iliyopatikana: palikuwa na fujo, sasa pametulia, na namna utulivu huo ulivyopatikana si kitu. Askari anaweza kuutuliza umati kwa filimbi na kwa amri, na Mwingereza atatumia “calm” bila ya wasiwasi, lakini hatatumia “soothe”, kwa sababu katika filimbi na amri hamna ule upole. Vile vile, mtu anaweza kutulia mwenyewe bila ya kutulizwa na yeyote, na hapo Mwingereza husema “calm down”. Ila kwa “soothe” ni lazima awepo anayetuliza na awepo anayetulizwa. Ni kama vile kwetu “tulia” ilivyo mbali na “tuliza”. Na kwa kuwa “calm down” mara nyingi hutolewa kama amri, mtu aliyekasirika akiambiwa hivyo huenda akazidi kukasirika, kwa sababu huhisi amedharauliwa. Sisi hapa mtu akipandwa na hasira barazani humwambia, “Mswalie Mtume,” naye hulazimika kutamka maneno ya sala kabla ya kutamka jengine lolote, na katika ule muda mfupi pumzi yake hushuka. Kitendo hicho ningekiita “soothe” na si “calm”, kwa sababu ya heshima iliyomo ndani yake.

Ndugu yetu wa Tunguu amegusa asili ya neno bila ya kuieleza, nami sina budi kuieleza, kwa kuwa ni jambo ninalolipenda. Katika Kiingereza cha kale, kabla ya miaka ya 1100, neno lililozaa “soothe” lilikuwa na maana ya kuthibitisha kwamba jambo ni kweli. Mzizi wake ni hilo neno la ukweli, ambalo limebaki mpaka leo katika jina la mtabiri, “soothsayer”, yaani msema kweli. Kufikia karne ya 16 maana ilikuwa imesogea: ikawa ni kumwitikia mtu kila alisemalo, kumwambia “ndiyo, ndivyo hasa ulivyosema”, hata kama sivyo, ili apate kuridhika, kwa Kiswahili tungesema ni kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Kutoka hapo, mwishoni mwa karne ya 17, ndipo ilipofika kwenye maana tunayoijua, ya kutuliza. Neno lilianza na ukweli, likapita katika kujipendekeza, likaishia katika upole. Na kidogo cha ile safari kimebaki, kwani mama anayemwambia mtoto usiku wa radi, “hakuna kitu, ni mvua tu”, anamtuliza kweli kweli, na radi inaendelea kupiga.

Sasa nirudi kwenye chupa yako, na hapa ndipo ninapotofautiana na aliyesema kwamba “tuliza” linatosha. Linatosha, lakini si katika sentensi ulivyoipanga. Tazama ni kitu gani kinachofuata baada ya kitenzi. Mwingereza anaweza kuweka baada ya “soothe” mtu mwenyewe, au maumivu ya mtu, au kiungo cha mwili kinachouma. Yote matatu kwake ni sawa. Kiswahili hakikubali yote matatu kwa kitenzi kimoja. Sisi tunatuliza maumivu, wala hatutulizi misuli. Tunatuliza mwasho, wala hatutulizi ngozi. Dada yako amesikia kasoro ya kweli, ila kasoro hiyo haiko kwenye kitenzi, iko kwenye yambwa, yaani kile kinachofuata baada ya kitenzi. Lirejeshe lile jina la hisia ambalo Mwingereza ameliruka, useme “hutuliza maumivu ya misuli”, na sentensi itakaa sawa hapo hapo.

Ukishafanya hivyo utagundua jambo la pili, kwamba kitenzi kimoja hakikutoshi kwa vitu vitatu. Uchovu hupunguzwa au huondoshwa. Ngozi kavu hulainishwa. Mwasho hutulizwa. Kiingereza kimevikusanya vyote chini ya neno moja kwa sababu kinatazama namna ya kitendo, yaani ule upole. Kiswahili kinatazama kile kinachoondoka, na kila kinachoondoka kina kitenzi chake. Ndiyo maana hukupata shida kwenye hadithi ya mama na mtoto: pale Kiswahili kina “bembeleza”, neno ambalo mimi kila nikilisikia nasikia na bembea ndani yake.

Muuguzi, Makunduchi

Namshukuru Maalim kwa maelezo yake. Mimi si mtu wa lugha, lakini nimefanya kazi ya uuguzi kwa muda mrefu, na neno “poza” alilolitaja ndugu Mfasiri limewahi kunipa somo ambalo sitalisahau, kwa hivyo naomba niliseme.

Mama mmoja alikuja kituoni akiwa na mtoto wake wa kiume wa miaka kama 7, shavu moja limevimba mpaka jicho limeanza kufumba, na ngozi ya hapo iking'aa na ina moto. Nilipomfunua kinywa niliona gego lililooza mpaka kwenye fizi. Nilimuuliza mama lini jino lilianza kuuma, akasema zamani, kabla ya Mfunguo Mosi, na wakati huo tulikuwa tumeshaupita Mfunguo Nne. Nikamuuliza kwa nini hakumleta. Akanijibu kwa utulivu kabisa, “Karafuu ilikuwa ikimpoza.” Kila mtoto alipolia usiku alimpondea karafuu moja, akaiweka katika lile tundu, na mtoto akalala. Mama yule hakuwa mzembe. Alimhudumia mwanawe kila usiku. Kosa lilikuwa kwamba alisema na kuamini neno moja lenye maana mbili: kwamba maumivu yamepoa, na kwamba jino limepoa.

Karafuu inafanya kazi, na ninaomba mtu asinielewe vibaya. Mafuta yake yana kitu kinachoitwa eujenoli, ambacho hutia ganzi mahali kinapogusa, na madaktari wa meno wenyewe wanakitumia. Lakini ganzi haiui usaha, wala haizibi tundu la jino. Hiyo ndiyo “soothe” hasa kama Maalim alivyoieleza: maumivu yamekaa kimya na ugonjwa unaendelea chini kwa chini.

Kwa sababu hiyo sisi katika kazi tunajitahidi kutenga kauli mbili. Dawa ya kutuliza maumivu ni kitu kimoja, na dawa ya kutibu ni kitu chengine, na tunapompa mgonjwa zote mbili tunamweleza kila moja mbali, kwa kuwa watu wengi wakishasikia maumivu yameondoka huacha na ile dawa ya kutibu, ambayo haijamaliza siku zake. Ningekuomba katika chupa ya shangazi uandike “hutuliza” na uliache kabisa neno “hupoza”. Na kuna jambo jengine: mtu akishaandika kwamba bidhaa yake inatibu au inaponya, ameiingiza katika hesabu ya dawa, na dawa ina masharti yake ya usajili. Ni vyema mkaulize Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar kabla ya kuchapisha.

Nje ya suala la lugha kidogo: mafuta ya karafuu yakiwa makali, bila ya kuchanganywa na mafuta mengine, huunguza ngozi na fizi, na mtoto mdogo akiyanywa ni hatari kubwa. Shangazi bila shaka analijua hilo kwa mikono yake mwenyewe, lakini mnunuzi wa Darajani halijui. Liandikwe kwenye chupa.

Mvuvi wa Nungwi

Salaam kwenu nyote. Ninamheshimu Bi Muuguzi na yaliyompata, lakini naomba “poza” lisifukuzwe namna hiyo. Huku kwetu tunapoza chai, tunapoza uji wa mtoto, tunapoza roho, na mtu akiwashwa na yavuyavu akitiwa kitu cha kumwondolea ule moto husema kimempoza, na hapana hata mmoja anayefahamu kwamba amepona, kwani michirizi yake anaiona ngozini. Neno hili lina picha. “Tuliza” ni neno safi, lakini halikuoneshi ule moto unaoshuka, na anayewashwa anachokihisi ni moto.

Jengine ninalotaka kuliongeza ni juu ya bahari, kwa kuwa Maalim amezungumza mengi na hakufika huko. Nimewahi kufanya kazi na wazamiaji wa kigeni, na walipokuwa wakitazama maji asubuhi walikuwa wakisema “calm”, na mimi nikisema shwari. Wakati wa maleleji, kaskazi imeondoka na kusi haijashika, maji hukaa kama kioo, na hilo ndilo neno walilokuwa wakilitumia. Sikumsikia hata mmoja akisema “soothe” kwa bahari.

Maalim mstaafu, Chake Chake

Ndugu yangu wa Nungwi amesema kweli katika mambo yote mawili, na kwa la bahari ninamshukuru, kwa sababu limenikumbusha jambo. “Soothe” haliwezi kwenda baharini kwa kuwa bahari haihisi kitu. Na “calm” liko nyumbani kwake huko. Lilifika kwa Waingereza kupitia Kifaransa, na Wafaransa walilipata kwa Waitaliano, na wataalamu wengi hulirudisha nyuma mpaka kwenye neno la Kigiriki lenye maana ya joto kali, yaani joto la mchana wakati ambapo kila kiumbe kimejilaza. Mtu wa Pemba hahitaji kuelezwa picha hiyo. Jua likiwa utosini, karafuu zimeanikwa juu ya majamvi, hata kuku wameingia uvunguni, na njia nzima haina mtu. Watu wa kaskazini wakatoa humo neno la utulivu wa bahari.

Kuhusu “poza”, ninasema hivi. Maana ya kuponya ipo, na ni ya kale, na sisi wa Pemba tunaitumia kila siku. Mgonjwa akiulizwa hali anajibu “nimepoa, alhamdulillahi”. Maana ya kuondoa moto nayo ipo, na ni ya kila mahali. Katika mazungumzo hapana tatizo, kwani aliyeko mbele yako ataonesha kwa sauti na kwa uso ni ipi aliyoikusudia, na usipoelewa utamuuliza. Chupa haina uso, wala haiulizwi. Inasomwa na mtu wa Nungwi na inasomwa na bibi wa Konde, na kila mmoja atachukua ile maana aliyokulia nayo. Kwa hadithi au kwa shairi ningelichagua “poza” bila ya kusita, tena kwa furaha. Kwa chupa, hapana.

Na ndugu asidhani kwamba “tuliza” halina picha. Linatokana na “tua”. Mtu ametembea na mzigo kichwani kutoka shamba, amefika, ametua. Aliyetua ametulia, na aliyemtua mwenzake amemtuliza. Hata Kiingereza kina kitenzi cha namna hiyo hiyo, “allay”, ambacho asili yake ni kulaza chini au kuweka chini, na leo hutumika kwa hofu na mashaka. Waingereza wameisahau picha hiyo kama sisi tulivyoisahau yetu.

Mfasiri wa Wete

Nimefaidika kupita kiasi, na sasa nina swali moja zaidi kabla sijaandika upya. Maalim, mwanzoni niliuliza kuhusu mtu aliyekasirika. Katika habari za dunia naona “appease” na “pacify”, nayo pia hufasiriwa kwa “tuliza”. Je, hayo na “soothe” yanabadilishana?

Maalim mstaafu, Chake Chake

Hayabadilishani, na ukiyachanganya utamvunjia mtu heshima bila ya kukusudia.

“Appease” na “pacify” yote mawili yana neno la amani ndani yake, la kwanza kwa njia ya Kifaransa na la pili kwa njia ya Kilatini. “Appease” ni kumridhisha mwenye hasira au mwenye kudai kwa kumpa anachokitaka. Anayeridhishwa namna hiyo amelipwa. Zamani neno hilo halikuwa na ubaya, lakini mwaka 1938 Waziri Mkuu wa Uingereza, Neville Chamberlain, pamoja na Ufaransa na Italia, walikubaliana na Hitler kule Munich kwamba achukue eneo la Sudeten la Czechoslovakia ili vita visitokee. Machi 1939 Hitler aliingia Prague, na tarehe 1 Septemba mwaka huo huo akaivamia Poland. Tangu hapo “appease” ina harufu ya woga, na mwanasiasa yeyote wa Uingereza akiambiwa kwamba amefanya hivyo, ametukanwa. Kwa Kiswahili si “kutuliza” hata kidogo. Ni kuridhisha kwa kukubali, na mara nyengine ni kumfunga mtu mdomo kwa kumlisha.

“Pacify” huja na nguvu. Majeshi ndiyo yanayolitumia, na linapotumiwa nao husemwa nchi “imetulizwa” na huenda makaburi ni mengi. Lakini Mmarekani huiita “pacifier” ile chuchu bandia ya mtoto, ambayo watu wa Ireland na Canada huiita “soother”. Chuchu ni moja na majina ni mawili, na mimi naona la pili limeitazama kwa upande wa mtoto, la kwanza kwa upande wa wanaotaka usingizi.

Kwa jirani aliyekasirika, ukimwendea kwa maneno mazuri bila ya kumpa kitu na bila ya kumtisha, hapo ni “soothe”, na Kiswahili chake ni kumbembeleza au kumrai. Na kwa aliyefiwa, mimi nisingelitumia. Mwingereza hapo ana maneno mengine, kama sisi tulivyo na kuliwaza na kufariji, kwa sababu msiba haupunguzwi makali kwa kupapaswa. Anayekwenda kutoa mkono wa pole anakwenda kukaa na mwenziwe.

Mfasiri wa Wete

Maalim, Bi Muuguzi, na ndugu zangu wote, Mungu awalipe kheri. Jana jioni niliandika upya, nikampelekea shangazi, naye akaita wenzake, tukakaa barazani tukaisoma kwa sauti mara tatu. Hivi ndivyo ilivyobaki:

“Mafuta ya kuchua ya karafuu na mchaichai. Hupunguza uchovu wa misuli, hulainisha ngozi kavu na hutuliza mwasho wa kuumwa na wadudu. Si dawa ya kutibu maradhi. Yasinywewe, na yasitiwe kinywani wala machoni. Weka mbali na watoto.”

Maneno “si dawa ya kutibu maradhi” aliyataka shangazi mwenyewe baada ya kumsomea habari ya yule mtoto wa jino. Mmoja katika wenzake aliogopa kwamba mnunuzi akiyaona ataiweka chupa chini, na walijadiliana kwa muda mrefu, mpaka shangazi akasema kwamba mnunuzi anayetaka tiba na aende akaitafute panapouzwa tiba. Kesho kutwa wanakwenda kuuliza masharti kama Bi Muuguzi alivyoshauri, na karatasi haitachapishwa kabla ya hapo.

Mwisho niliipeleka kwa bibi, maana yeye ndiye aliyeniamsha. Nilimsomea polepole, na nilipofika kwenye mwasho akanisimamisha, akauliza, “Mwasho unatulia, na pale alipouma mbu je?”

Nikamwambia, “Pale patabaki mpaka papoe penyewe, bibi.”

Akasema, “Haya, hapo sasa nimefahamu.”